Kompyuta Hupataje Mstari Ulionyooka Pichani, na Mpaka wa Shamba Huamuliwa na Nani?

Maelezo yafuatayo yalitolewa kwa niaba ya idara ya ardhi ya kaunti katika kikao cha wananchi kuhusu matumizi ya picha za angani katika kutayarisha ramani. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Kila droni inapoonekana ikizunguka juu ya mashamba, swali moja huzuka hata kabla haijatua: "Je, sasa ni kompyuta itakayotukatia mipaka?" Swali hilo ni la haki. Shamba si kitu cha kuchezewa. Majirani waliosaidiana mazishi na harusi kwa miaka mingi wamewahi kuacha kusalimiana kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Kwa hiyo mwananchi anastahili kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, jinsi mashine inavyopata mstari kwenye picha, mahali inapokosea, na nani mwenye neno la mwisho.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, ikiwemo upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, pamoja na masuala ya mipaka na ua. Usajili wa hatimiliki unabaki mikononi mwa Msajili wa Ardhi, ambaye ni wa serikali ya kitaifa. Kaunti inahitaji ramani zinazoonyesha hali ilivyo leo ili ipange barabara za vijijini, mitaro, mabomba ya maji na vituo vya masoko. Picha za angani hupunguza muda na gharama ya kazi hiyo. Lakini picha ni jambo moja, na mpaka ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maelezo ya leo.

Picha ni jedwali la nambari

Mtu akitazama picha ya shamba lake huona mahindi, njia, paa la mabati na ua wa michongoma. Kompyuta haioni chochote kati ya hivyo. Inachopewa ni jedwali kubwa la nambari, lenye safu na mistari kama karatasi ya hesabu ya mwanafunzi. Kila kijisanduku ni nukta moja ya picha, ambayo wataalamu huiita pikseli. Katika picha isiyo na rangi, kwa kawaida 0 ni weusi kabisa, 255 ni weupe kabisa, na nambari zilizo katikati ni viwango vya kijivu.

Kazi ya kwanza ya mashine ni kutafuta mahali ambapo nambari zinaruka ghafla. Tuseme nukta tano zilizofuatana zina nambari 60, 62, 61, 140 na 143. Tatu za kwanza zinakaribiana, labda ni majani ya mahindi. Kutoka 61 hadi 140 kuna mruko mkubwa, labda hapo mahindi yanakwisha na njia ya udongo mkavu inaanza. Mahali pa mruko kama huo panaitwa ukingo. Mojawapo ya njia zinazotumika sana kutafuta kingo ni ile iliyotolewa na John Canny mwaka 1986, na hadi leo imo katika programu nyingi za kushughulikia picha.

Baada ya hatua hiyo, picha inabaki kama shuka jeusi lililotapakaa nukta nyeupe. Nyingine zimetoka kwenye ua, nyingine kwenye paa, nyingine kwenye kivuli cha mti, na nyingine hazina maana yoyote. Bado hakuna mstari. Kuna nukta tu, na kila moja haimjui mwenzake.

Ua wenye mapengo

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Ua wa shambani hauonekani mzima kutoka angani. Mwembe umefunika sehemu, geti limeacha pengo, na mahali pengine mbuzi wamekula michongoma mpaka chini. Jicho la mtu huruka mapengo hayo bila taabu na kusema, "Ua ni huu hapa, unaendelea hadi kule." Mashine inayofuata nukta moja baada ya nyingine hupotea inapofika kwenye pengo la kwanza.

Suluhisho lililoenea zaidi halikutoka kwa wapimaji wa ardhi. Lilitoka kwa wanafizikia. Katika miaka ya 1950, wanasayansi walianza kutumia chombo kilichobuniwa na Mmarekani Donald Glaser, ambamo chembe ndogo kuliko atomu hupita ndani ya kimiminiko kilichopashwa joto kupita kiwango chake cha kuchemka na kuacha nyuma yake msururu wa viputo. Glaser alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1960 kwa ubunifu huo. Viputo vilipigwa picha, na picha zikawa nyingi mno. Ilibidi watu wakae mezani wakizikagua moja moja kwa macho, wakitafuta njia za chembe hizo.

Mwanafizikia mwingine wa Marekani, Paul Hough, alitafuta namna ya kuifanya mashine itambue misururu hiyo yenyewe. Alipata hataza ya njia yake mwezi Desemba 1962. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, Richard Duda na Peter Hart waliichapisha upya kwa namna iliyo rahisi zaidi kutumia, na hiyo ndiyo inayofundishwa vyuoni hadi sasa. Inaitwa mageuzi ya Hough.

Kila nukta hupiga kura

Wakenya wanaujua uchaguzi, kwa hiyo njia ya Hough haitawashinda. Ni uchaguzi.

Wapiga kura ni zile nukta za kingo. Wagombea ni mistari yote iliyonyooka inayoweza kuchorwa kwenye picha. Kila nukta inaulizwa: "Ni mistari ipi inayoweza kupita hapo ulipo?" Nukta moja peke yake haiwezi kuchagua, kwa sababu mistari ya kila upande inaweza kuipitia. Basi inaruhusiwa kumpa kura moja kila mgombea anayepita kwake. Kura zote zinapelekwa kwenye jedwali la kujumlisha, ambapo kila mgombea ana sanduku lake.

Nukta zilizotapakaa ovyo huwapigia wagombea tofauti, na kura zao hutawanyika. Lakini nukta zilizo juu ya mstari mmoja, hata zikiwa mbalimbali, zote zina mgombea mmoja wa pamoja. Kura zao hukutana katika sanduku moja, na sanduku hilo hujaa. Haba na haba hujaza kibaba. Mwishowe mashine hutazama masanduku yaliyojaa kuliko mengine na kutangaza kwamba hapo pana mstari.

Mgombea hutambulishwa kwa nambari mbili tu. Chukua kona moja ya picha. Kutoka kona hiyo hadi mstari wowote kuna njia moja iliyo fupi kuliko zote, ile inayoukuta mstari kwa pembe mraba. Nambari ya kwanza ni urefu wa njia hiyo fupi. Ya pili ni mwelekeo wake kwa digrii. Ukizijua hizo mbili, mstari ni mmoja tu, hauwezi kuchanganywa na mwingine. Hough mwenyewe alitumia kipimo cha mteremko wa mstari, lakini mstari uliosimama wima mteremko wake hauna kikomo, na hesabu hukwama. Kuutambua mstari kwa umbali na pembe ndiko kulikoondoa tatizo hilo katika kazi ya Duda na Hart.

Tuchukue mfano. Ua una urefu wa mita 40, na katika picha kila nukta inawakilisha sentimita 10 za ardhi. Upande mmoja wa ua ungetoa nukta 400 za ukingo. Mwembe umefunika mita 9, yaani nukta 90. Geti limeacha mita 4, yaani nukta 40. Zimebaki nukta 270. Ikiwa ua umenyooka, nukta hizo 270 zitampigia mgombea mmoja, au wale walio jirani yake kabisa, huku sehemu kubwa ya masanduku mengine ikiwa na kura chache za kubahatisha. Ua umepatikana licha ya mwembe na geti.

Hesabu yenyewe si ndogo, lakini kwa kompyuta ni kazi nyepesi. Tukigawa mielekeo kwa digrii moja moja, kila nukta hupiga kura 180. Picha yenye nukta 10,000 za ukingo hutoa kura 1,800,000. Kompyuta ya mezani huzijumlisha kwa muda mfupi kuliko wa kumimina kikombe cha chai.

Mahali mashine inapokosea

Kila uchaguzi una kasoro zake, na huu pia unazo. Mwananchi anayezijua hatatishwa na mstari uliochorwa kwenye karatasi.

Kwanza, mashine haijui mstari ni wa nini. Kingo za matuta ya kuzuia mmomonyoko, njia ya ng'ombe, mtaro, waya wa umeme, ukingo wa paa na kivuli cha ukuta vyote vinaweza kushinda uchaguzi. Mtaro uliochimbwa mwaka jana unaweza kupata kura nyingi kuliko mpaka uliowekwa na babu kwa mikonge minne. Mstari unaoonekana sana si lazima uwe mpaka. Na mpaka wa kweli unaweza usionekane kabisa kutoka angani.

Pili, mashine huunganisha vitu visivyohusiana. Ua wa familia moja na ua wa familia nyingine mbele ya barabara vikilingana, mageuzi ya Hough huviona kuwa mstari mmoja unaoendelea, kwa sababu jedwali la kura halisemi mstari unaanzia wapi na kuishia wapi. Hatua nyingine lazima ifuate ili kukata vipande vyake.

Tatu, mipaka mingi haikunyooka. Mpaka unaofuata mto au kijito umepinda, na njia ya mistari iliyonyooka huukatakata vipande vipande au huukosa.

Nne, kuna mtu anayeamua kura ngapi zinatosha. Kiwango kikiwa chini, mashine hutangaza mistari isiyokuwepo. Kikiwa juu, ua mfupi au wenye mapengo mengi huachwa nje. Hivyo, hata matokeo yanayoitwa ya kompyuta yana mkono wa binadamu ndani yake.

Tano, picha yenyewe inaweza kupotosha. Kwenye mteremko, na mahali penye miti mirefu au nyumba ndefu, picha ambayo haijasahihishwa huviweka vitu pembeni mwa mahali pake halisi. Ndiyo maana wapimaji huweka alama ardhini na kusahihisha picha kwanza kabla ya kupima chochote juu yake.

Kosa dogo lina uzito gani? Mstari wa mita 100 ukikosewa kwa digrii moja tu, mwisho wake huhama kwa takriban mita 1.75. Pembetatu inayobaki katikati ni takriban mita 87 za mraba. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina takriban mita 465 za mraba. Kwa hiyo digrii moja, ambayo kwenye karatasi haionekani kwa macho, inaweza kubeba karibu sehemu moja kwa tano ya ploti. Hakuna mtu anayepaswa kupoteza kiasi hicho kwa sababu mashine imesema.

Yaliyofanyika Kenya na kwa majirani

Kutumia picha za angani kwa mashamba si jambo geni nchini. Tangu miaka ya 1950, mashamba yalipokuwa yakiunganishwa na kusajiliwa katika sehemu za Kenya ya kati, picha zilizopigwa na ndege zilitumika kuchora ramani za mashamba. Wakulima walitakiwa kupanda ua mipakani, na sababu moja ilikuwa ua huo uonekane kutoka angani. Baadhi ya nyua ambazo wajukuu wanazikata leo kwa kuni zilipandwa ili ziwe alama ya kuonekana na ndege.

Nchini Rwanda, kati ya mwaka 2009 na 2013, zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi vilitambuliwa na kuorodheshwa, kwa kutegemea sana picha za angani zilizochapishwa kwenye karatasi. Wenye mashamba na majirani zao walikwenda shambani pamoja na vijana waliopewa mafunzo, wakaonyesha mpaka, na mpaka ukachorwa juu ya picha mbele ya wote. Picha ilirahisisha kazi. Waliosema mpaka uko wapi walikuwa watu.

Kuanzia mwaka 2016, mradi wa utafiti uitwao its4land, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulijaribu droni na programu za kutambua mipaka katika Kenya, Rwanda na Ethiopia. Technical University of Kenya ilikuwa miongoni mwa washirika. Katika njia iliyoundwa huko, programu hupendekeza mistari kutokana na picha, kisha mtu huchagua ipi ni mpaka na ipi iachwe. Mashine hupunguza kazi ya kuchora kwa mkono, lakini haikupewa kazi ya kuamua.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 iko wazi. Chini ya kifungu cha 18, isipokuwa pale ambapo daftari la usajili linaonyesha kwamba mipaka imekwisha kuthibitishwa rasmi, ramani huchukuliwa kuwa inaonyesha mipaka kwa makadirio tu. Kifungu hicho pia kinasema mahakama haitasikiza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu uliowekwa. Kwa maneno mengine, mgogoro wa mpaka huanzia kwa Msajili wa Ardhi.

Kifungu cha 19 kinaeleza namna ya kuthibitisha mpaka: Msajili huwapa taarifa wenye mashamba yanayopakana, na huwapa nafasi ya kusikizwa. Kifungu cha 20 kinamtaka mwenye ardhi atunze ua, mawe, bikoni na alama nyingine za mpaka. Kifungu cha 21 kinafanya kuharibu au kung'oa alama hizo bila idhini kuwa kosa.

Hakuna mahali katika vifungu hivyo ambapo mstari uliotolewa na programu ya kompyuta hugeuka kuwa mpaka wenyewe. Mstari huo ni pendekezo. Unaweza kumsaidia mpimaji ajue pa kuanzia. Unaweza pia kuonyesha kwamba ua uliokuwa hapa katika picha ya zamani sasa uko pale, na hilo likafungua maswali ambayo wazee na Msajili watayajibu.

Wananchi wafanye nini

Yako mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa kila mwenye shamba.

Tunza alama zako. Bikoni iliyofunikwa na magugu isafishwe, na isisogezwe hata kwa inchi moja. Ua uliokufa upandwe tena palepale ulipokuwa, jirani akiwepo.

Tembeeni mpakani pamoja. Kabla picha hazijapigwa, jirani na jirani, wakiwa na mzee wa kijiji, wapite kwenye mpaka wao na kukubaliana alama zilipo. Mahali ambapo alama hazionekani kutoka juu, kama chini ya miti, zinaweza kuwekewa kitambaa cheupe au mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, mahali palipo wazi, na umbali wake kutoka kwa alama halisi ukaandikwa.

Njoo uitazame rasimu. Ramani inayotokana na picha ikibandikwa kwa chifu au katika ofisi ya wadi, kila mtu aitafute sehemu yake. Ukiona mstari usiouelewa, uliza: "Huu ni mpaka, au ni mtaro?" Swali hilo moja linaweza kuokoa miaka ya kesi. Wajane, vijana waliorithi na wale wanaoishi mijini watafutwe na waambiwe, kwa sababu asiyekuwepo ndiye ambaye mara nyingi mstari humpitia shambani.

Usikubali kuuziwa hofu. Mtu akija na karatasi ya picha ya angani na kudai kwamba kompyuta imeonyesha shamba lako limeingia kwake, mwelekeze kwa Msajili wa Ardhi. Karatasi hiyo si hatimiliki, wala si uamuzi wa mahakama.

Bwana Mwenyekiti, uchaguzi wa nukta ni mzuri kwa kutafuta mistari. Lakini nukta hazijui ni nani aliyepanda ua, nani aliyeng'oa bikoni, wala nani aliyeahidiana na nani mbele ya wazee. Wanaojua hayo ni ninyi mlioketi hapa. Mwenye macho haambiwi tazama: picha zitakapobandikwa, njooni mtazame, na mseme mnachokijua.